Maua Yanayoanguka Shambani kwa Kaka Mtu

Haya alinisimulia mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, kiangazi kilichopita, siku alipokuja kuniomba nguzo iliyooza ya banda langu la mbuzi. Nilimwambia, mwanangu, wewe askari mpelelezi, mtu wa serikali, umekosa kuni mpaka uje kung'oa banda la mkweo? Akakaa kwenye kigoda, akapangusa uso, akasema, "Mama, acha tu nikueleze, ingawa hata mimi nimechoka kueleza." Basi naandika kama alivyonipa, sikutia chumvi.

Ilikuwa Jumamosi, jua utosini, na mpelelezi amesimama katikati ya shamba la pesheni huku kaka mtu akimsemea sikioni kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu wawili wa tumbo moja, mashamba yao yamepakana. Mkubwa analima pesheni, zile za njano. Mdogo anafuga mbuzi, na ana mizinga kadhaa ya nyuki. Msimu huo mipesheni ya mkubwa ilichanua kama harusi, halafu maua yakawa yanaanguka tu. Yanafunguka leo, keshokutwa yako chini. Matunda hakuna. Kaka mtu akaenda kituoni akasema mdogo wangu amepuliza sumu. Askari wa zamu wakaenda kwa mdogo mtu, wakakuta bomba la kupulizia linanuka dawa, wakambeba yeye na bomba lake. Jumanne asubuhi alitakiwa kupelekwa mahakamani, na hakimu wa pale alikuwa hana mzaha na watu wa sumu.

Mama yao alipopata habari hakulia. Alibeba kiti chake cha plastiki, akaenda kukiweka kwenye korido ya kituo cha polisi, mbele ya mlango wa mahabusu, akakaa. Akasema hatalala kitandani mpaka wanawe wote wawili wawe wametoka mle ndani. Akaambiwa, bibi, mle ndani yumo mmoja tu. Akajibu, "Huyo wa pili anakuja. Kwa kichwa alichonacho, atakuja tu."

"Afande, unaangalia nini muda wote huo?" kaka mtu aliuliza. "Maua si unayaona?"

"Nayaona."

"Basi andika."

Mpelelezi hakuandika. Aliokota ua chini, akaligeuza. Halikuungua, halikukunjamana, halikuwa na doa. Kikonyo kilikuwa cha njano, kimejiachia chenyewe kama jino la mtoto. Akatazama majani. Yalikuwa ya kijani, yananeemeka.

"Sumu gani hii," alisema, "inayoua ua na kuliacha jani?"

"Wewe ndiye mpelelezi."

"Majani nilishapeleka maabara. Wamesema nisubiri wiki mbili."

"Wiki mbili! Na Jumanne?"

"Hilo nami niliwauliza. Wakakata simu."

Walitembea wakifuata mstari. Lilikuwa shamba safi kupita kiasi. Nguzo zote zilikuwa za zege, zimenyooka kama askari kwenye gwaride, na waya umekazwa mpaka unalia ukiugusa. Chini hakukuwa na kijiti. Kaka mtu alipoona mpelelezi anaangalia nguzo, alisahau hasira kidogo. Akaipigapiga moja mgongoni.

"Mpya hizi. Nimeziweka baada ya mavuno ya mwaka jana. Zile za mbao zilikuwa aibu, zimetoboka kila mahali, kama chujio. Nikachoma zote. Nikakata na magogo makavu ya pembezoni. Watu wanapita barabarani wanasimama kuangalia."

"Matunda?"

"Shamba," alisema kaka mtu, na hasira ikarudi.

Mwisho wa shamba, kwenye mpaka na mdogo mtu, mpelelezi alisimama. Mstari ule wa mwisho ulikuwa na matunda. Si mengi, lakini yalikuwapo, ya kijani, yananing'inia.

"Haya je?"

"Ndiyo ushahidi wenyewe," kaka mtu akasema, akifurahi. "Kapuliza kote, akabakiza huku jirani na kwake ili aje ayaibe usiku."

Mpelelezi alishusha pumzi. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliokuwa unamzeesha. Mtu akishamshuku mwenzake, hata matunda kukosekana ni kosa lake, na matunda kuwapo ni kosa lake.

Alikaa chini kabisa, akatazama ua moja lililofunguka saa ileile. Nyuki wadogo wa mizinga walikuwa humo, wanatembea huku na huko wamejipaka unga wa njano miguuni.

"Waone," alisema kaka mtu. "Nyuki wake. Hata wadudu wake ni wezi."

"Nyamaza kidogo."

Mpelelezi aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka. Ua la pesheni limejengwa kama mwavuli. Vifuko vya unga vinaning'inia, vimetazama chini, na juu yake kuna vidole vitatu vya kupokea unga. Nyuki wale wadogo walipita chini kwa chini, wakachota, wakaondoka. Hawakugusa vile vidole vya juu hata kwa bahati mbaya. Ni kama watoto wanaopita chini ya meza bila kugusa sahani.

Akamkumbuka mke wake, yaani binti yangu, ambaye asubuhi huchuma ua dume la boga akalisugua kwenye ua jike, kwa sababu pale mjini wanapokaa asipofanya hivyo maboga yanaoza yakiwa machanga. Akafikiri kidogo. Akasema, "Niletee uzi. Rangi yoyote, usiwe wa kijani."

Mke wa kaka mtu, ambaye alikuwa anashona nguo barazani, alileta kibunda cha uzi mwekundu, na alikuja akilalamika njia nzima kwamba cherehani yake imeachwa na nguo ya watu juu. Mpelelezi akachovya kidole gumba kwenye unga wa mpesheni mmoja, akaenda kuupaka kwenye vidole vya juu vya ua la mpesheni mwingine. Akafunga uzi kwenye kikonyo. Akafanya hivyo hapa, akafanya kule, mistari tofauti, mpaka kidole kikawa cha njano.

Kaka mtu alimwangalia kwa muda mrefu.

"Afande. Nimeleta kesi ya sumu. Wewe unacheza na maua."

"Kama hapa pamepulizwa sumu," mpelelezi alijibu bila kugeuka, "basi haya nayo yataanguka kama mengine, maana yako kwenye mti uleule. Yasipoanguka, sumu hakuna. Jumatatu saa hizihizi nitakuja kuangalia. Mtu asiyaguse."

"Na mdogo wangu?"

"Yuko salama. Mama yako anamlinda, anatulinda na sisi."

Mke wa kaka mtu alicheka puani. Walipofika barazani akampa mpelelezi maji ya kunywa, akamwambia hana ugomvi na shemeji yake, ila hata yeye angependa kuishi kwa amani. "Mwaka huu angalau napika bila kufunika sufuria mara mbili. Zamani boriti za jikoni zilikuwa zinamwaga vumbi la mbao kwenye mboga. Midudu mikubwa myeusi inavuma kama pikipiki, inatoboa dari. Tukaweka chuma. Sasa kimya."

Mpelelezi aliitikia kwa kichwa, akanywa maji. Lilimpita hilo. Alikuwa anafikiria lile bomba.

Alirudi kituoni mchana ule. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anamtazama yule bibi kwenye kiti cha plastiki.

"Mtoe," alimwambia mpelelezi kwa sauti ya chini. "Jana kanifokea kwamba nimekonda."

"Umekonda kweli, mkuu."

"Nenda kamhoji mtu wako."

Mdogo mtu alikuwa mahabusu, ameketi sakafuni, mkaidi kama yule aliyemtia ndani. Pua moja, nundu moja ya paji la uso.

"Bomba ni la nini?"

"La kuogeshea mbuzi. Kupe. Nenda kanuse mbuzi wangu, wananuka hivyohivyo."

"Maua ya kaka yako?"

"Afande, mimi nina nyuki. Nyuki wangu wanakula kwake kutwa. Nikipuliza sumu kule, nani atakufa kwanza? Umeona mzinga wangu hata mmoja umekufa?"

"Sijafika kwako bado."

"Basi umenifunga kabla ya kufika kwangu."

Mpelelezi alifungua daftari lake. Hakuwa yeye aliyemfunga, lakini kusema hivyo kungekuwa upuuzi tu.

"Mna ugomvi gani, wewe na yeye?"

Hapo mdogo mtu ndipo sauti ilipomtoka. "Zile nguzo zilikuwa za baba. Alizichimbia kwa mikono yake. Kaka kazing'oa kazichoma kama takataka, hata kuniita hakuniita. Na sasa anataka mti wangu mkavu nao ukatwe, ule alioupanda baba karibu na banda. Anasema unaleta nyoka na unaharibu sura ya shamba lake. Sura. Mti uko kwangu, sura iko kwake."

"Umemkatalia?"

"Nimemwambia aje na shoka, animalize mimi kwanza."

"Maneno hayo usimwambie hakimu."

Kutoka koridoni mama yao akasema, "Nimesikia. Wote wawili nimewasikia, hata yule ambaye hayupo."

Jumapili mpelelezi alishinda akiulizia madukani nani amenunua dawa gani. Hakupata kitu ila miguu kuuma. Kila muuza dawa alimwambia mdogo mtu hununua ya kupe, na kila mmoja alijaribu kumuuzia na yeye.

Jumatatu mchana alipokaribia shamba, kabla hata hajaegesha pikipiki, alisikia msumeno wa mashine unanguruma upande wa mdogo mtu. Akakimbia. Mtu wa miaka yake, kiatu cha kazi, jua lile, anaruka mfereji. Alimkuta fundi msumeno chini ya mti mmoja mkavu, mrefu, mweupe kama mfupa, msumeno umeshaanza kung'ata gome, na kaka mtu amesimama kando anaelekeza uangukie wapi.

"Zima," alisema mpelelezi.

Fundi akazima. "Afande, mimi nimeitwa tu. Na mafuta nimeshatia."

"Mwenye mti yuko mahabusu," mpelelezi alimwambia kaka mtu. "Umengoja tumfungie, ukaja kumkatia mti?"

"Nyoka hawangoji mahakama."

"Umeona nyoka?"

"Nitamwona ukianguka."

Mpelelezi alifungua mdomo amjibu, akaufunga. Kitu cheusi kilipita karibu na sikio lake kikivuma kama pikipiki. Kilikuwa kidudu kikubwa kama ncha ya kidole gumba, cheusi ti, kinang'aa. Kikatua kwenye shina. Palikuwa na tundu la duara, safi kana kwamba limechongwa na fundi. Kikaingia. Chini ya tundu, kwenye gome na kwenye majani makavu, palikuwa na vumbi jipya la mbao. Akainua macho. Matundu yalikuwa mengi, mpaka juu, kama chujio.

Kama chujio. Alisimama pale, na maneno ya watu wengine yakaanza kumrudia, moja baada ya jingine, kama madeni.

Akangoja. Fundi msumeno akawasha sigara. Kidudu kingine kikarudi kutoka upande wa pesheni, kizito, kinayumba. Mgongoni, pale penye manyoya, kilikuwa cha njano, kimepakwa unga.

"Mgongoni," alisema mpelelezi. "Si miguuni. Mgongoni."

"Anasema nini?" fundi alimuuliza kaka mtu.

"Hata mimi sijui. Tangu Jumamosi yuko hivi."

"Twende kwenye uzi," alisema mpelelezi.

Walikwenda, fundi naye akafuata, kwa kuwa alikuwa hana la kufanya. Mke wa kaka mtu akatoka barazani na mkasi mkononi. Chini ya mipesheni maua ya Jumamosi yalikuwa yamelala, mengi, yananyauka. Mpelelezi akainua jani la kwanza. Uzi mwekundu ulikuwapo. Juu ya uzi, pale ua lilipokuwa, palikuwa na kitunda cha kijani, kidogo kama punje ya hindi, kimeshika barabara. Akaenda wa pili, kimeshika. Wa tatu ulikuwa umeanguka, na kaka mtu akataka kusema, lakini wa nne umeshika, na wa tano, na karibu kila walikokwenda walikuta kitunda juu ya uzi. Kwenye yasiyo na uzi hawakukuta kitu.

"Mti uleule," alisema mpelelezi. "Udongo uleule. Maji yaleyale. Tofauti ni kidole changu tu. Sasa nikuulize. Mwaka jana, matunda yalipokuwa yanakuvunjia waya, kidole kilikuwa cha nani?"

Kaka mtu aliinua macho akautazama waya.

"Nyuki wa mdogo wako ni wadogo, wanapita chini. Wale weusi ni wanene. Wakiingia, mgongo unasugua vifuko vya unga, na wakienda ua jingine mgongo uleule unasugua vidole vya juu. Wale ndio waliokuwa wanakulimia. Na wale hawaishi mzingani, wala hawawezi kutoboa zege. Wanaishi kwenye mbao kavu. Walikuwa kwenye nguzo za baba yenu. Walikuwa kwenye magogo yako ya pembezoni. Ulichoma nguzo na wao ndani."

"Na jikoni kwangu," alisema mke wake polepole. "Na mimi nikashukuru."

"Waliobaki wako kwenye ule mti mkavu. Wachache. Nguvu zao zinaishia kwenye mstari wa mpakani, ndiyo maana kule kuna matunda. Na wewe umeleta msumeno."

Fundi msumeno alitazama msumeno wake, akauhamishia mkono wa pili, nyuma ya mgongo.

Kaka mtu alizunguka nguzo moja ya zege, akairudia, akaigusa. Akasema kwa uchungu wa kweli, "Nilisafisha tu. Mtu anaweza kufungwa kwa kusafisha?"

"Hapana. Lakini mdogo wako kesho anaweza kufungwa kwa wewe kusafisha. Panda pikipiki."

Pale kituoni ndipo uvumilivu wa mkwe wangu ulipoisha kabisa, maana alidhani kazi imekwisha. Kaka mtu aliondoa malalamiko, kalamu ikikwaruza. Mkuu wa kituo akasoma, akampeleka mpelelezi pembeni.

"Nilitaka uniletee mtu, siyo mdudu."

"Mtu ndiye huyo aliyeandika."

"Kosa lake?"

"Usafi."

Mkuu akafunga macho kidogo. "Fungua mlango wa mahabusu. Watoke wote, na kiti kile nacho kitoke."

Mlango ukafunguliwa. Mdogo mtu hakuinuka.

"Sitoki," alisema. "Ameniita mwizi wa maua mbele ya watu. Kachoma nguzo za baba. Leo tena nasikia kaleta msumeno. Mpaka aniombe huo mti kwa mdomo wake."

"Nikuombe mti ambao si wa kukata?" kaka mtu akasema.

"Uombe usikatwe."

"Mti wako mwenyewe, nikuombe usiukate?"

"Ndiyo."

Mpelelezi aliegemea ukuta. Miaka yote ya kazi alikuwa ameona watu wakipigania kutoka mle. Huyu anapigania kubaki.

Mama yao aliinuka kwenye kiti chake. Alikuwa mdogo wa mwili, kitambaa kimemshuka, macho mekundu kwa siku zile za kusinzia ameketi. Akamtazama mkubwa. "Wewe. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unafagia uwanja mpaka unafagia na vifaranga. Sema unachotakiwa kusema. Mgongo unaniuma, nataka kulala."

Kaka mtu alikaza shingo. Ikalegea. "Naomba ule mti mkavu ubaki."

"Wenye nyoka?" mdogo mtu aliuliza.

"Wenye nyoka."

"Na sura ya shamba?"

"Usinichoshe, bwana. Na kama una mbao kuukuu bandani, nizichimbie katikati ya zege. Nitazisimamisha mimi mwenyewe."

Mdogo mtu akainuka, akajipangusa suruali. "Mbao ninazo mbili. Hazitoshi hata mstari mmoja. Mpaka hao wadudu waongezeke, utakuwa unapaka kwa kidole kila mchana."

"Najua."

"Shamba zima."

"Nimesema najua."

"Nitakuja kukusaidia mistari ya huku kwangu," alisema mdogo mtu. "Ya kule ni yako."

Gari la kituo liliwarudisha jua likiwa bado halijazama. Mama yao alikaa katikati ya wanawe, kiti cha plastiki kimepakatwa na mkubwa. Kabla hawajafika barabara kuu walikuwa wameshaanza kubishana nani ana kidole kinene zaidi, na mama alikuwa amelala, kichwa begani kwa mmoja, miguu mapajani kwa mwingine. Wakashusha sauti. Ubishi hawakuuacha.

Mpelelezi alifika kwake kabla chakula hakijaiva. Simu ikalia. Alikuwa mkuu.

"Maabara wamepiga. Wamesema majani hayana sumu."

"Wiki mbili zimekwisha upesi."

"Wanauliza kama kuna kingine."

"Waulize kama wana nguzo kuukuu. Mpaka huyo mtu apate za kutosha, sitalala kwa amani."

Mkuu alikata. Mpelelezi akakaa kwenye kiti cha sebuleni avue viatu. Binti yangu alipotoka jikoni kumwambia mboga tayari, alimkuta kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, kidole gumba bado cha njano, mdomo wazi, usingizi umeshamchukua.